Kabla ya Kuuza Kihamba, Ijulikane Hatua ya Ugonjwa



Katika jumuiya zetu ndogo ndogo za Rau tuna desturi ambayo naiombea idumu. Mwenzetu akifariki, jua halizami kabla daftari la michango halijafunguliwa. Turubai na viti hupatikana, jeneza hupatikana, gari la kupandisha mwili kihambani hupatikana, na kina mama hushika zamu za kupika bila kuitwa mara mbili. Sasa turudi nyuma miezi kadhaa. Mwenzetu huyohuyo aliambiwa hospitalini kwamba inabidi achukuliwe kinyama kwenye tezi ya kwapa kikapimwe. Akarudi nyumbani, akanyamaza. Labda hakuwa na ada ya kipimo. Labda aliogopa kisu. Labda alikosa tu mtu wa kumwambia, "Mama, kesho twende wote." Wakati huo daftari letu lilikuwa limefungwa.

Hoja yangu katika makala hii ni moja. Kipimo cha tezi kinachoonyesha saratani imefika wapi si jambo la madaktari peke yao. Ni jambo la kimaadili, na kwa hiyo ni jambo la parokia. Familia isiyoijua hatua ya ugonjwa haiwezi kuamua kwa haki itumie nini, iuze nini, na imsindikize mgonjwa wake kwa njia gani.

Hatua ni nini, na tezi zinahusikaje

Hatua ya saratani ni jibu la swali rahisi: ugonjwa umefika wapi? Madaktari duniani kote hutumia mpangilio wa herufi tatu ulioanzishwa na daktari wa upasuaji Mfaransa, Pierre Denoix, kati ya mwaka 1943 na 1952. Herufi T hueleza uvimbe wenyewe, ukubwa wake na ulivyojichimbia. Herufi N hueleza kama ugonjwa umeingia kwenye tezi za limfu za jirani. Herufi M hueleza kama umekwenda mbali: mapafu, ini, mifupa, ubongo. Zikisomwa pamoja, ndipo daktari husema hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne.

Tezi za limfu ni vinundu vidogo, vingi vikiwa na ukubwa wa harage au chini ya hapo, vilivyopangwa shingoni, kwapani, kinenani, kifuani na tumboni. Hata asiyesoma biolojia anazijua zinapovimba. Ukichomwa mwiba mguuni na kidonda kikaoza, baada ya siku chache unapata mtoki kinenani. Mtoki huo ni tezi inayopambana na vijidudu vilivyopanda kutoka mguuni. Saratani nayo hutumia njia hiyohiyo. Chembe zinazoponyoka kutoka kwenye titi kwa kawaida hufikia kwanza tezi za kwapa. Zile za melanoma, saratani ya ngozi ambayo kwa sisi Waafrika mara nyingi huota kwenye unyayo, hufikia tezi za kinena. Ndiyo maana daktari hupapasa kwapa hata kama wewe umekwenda kwake kwa ajili ya titi.

Lakini kupapasa hakutoshi. Tezi inaweza kuvimba kwa sababu ya kidonda, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI, na isiwe na saratani hata kidogo. Nyingine inaweza kuwa ndogo na laini, kumbe ndani yake chembe za saratani zimeshapanga nyumba. Vidole haviwezi kutofautisha. Picha ya ultrasaundi husaidia, ila mara nyingi haimalizi ubishi. Kinachomaliza ubishi ni kipande cha tezi kilichotolewa kwa sindano au kwa kisu, kikakatwa vipande vyembamba na kusomwa chini ya hadubini na mtaalamu wa patholojia. Hospitalini huita biopsi. Sisi tumezoea kusema, "amechukuliwa kinyama."

Katika nchi zetu ambako kifua kikuu bado kipo, jambo hili lina uzito wa pekee. Tezi za shingo zilizovimba huenda ni kifua kikuu, na huenda ni saratani ya tezi zenyewe. Kwa macho zinafanana. Mgonjwa anaweza kumeza dawa za kifua kikuu miezi mingi huku saratani ikikua. Na mwingine anaweza kukata tamaa akidhani ana saratani, kumbe ana ugonjwa unaopona kwa vidonge. Kinyama kidogo ndicho kinachowatenganisha wawili hao.

Asiyeamini kwamba kinyama kidogo kinaweza kusema makubwa na aitazame Kampala. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari Denis Burkitt, akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, aliwaona watoto wenye uvimbe wa ajabu wa taya, na mwaka 1958 akauandikia dunia. Vipande vya uvimbe wa watoto hao vilipelekwa London kwa ndege, na ndani yake, mwaka 1964, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza wameona kirusi ambacho leo kinaitwa kwa majina ya wawili wa kwanza. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Dunia nzima ilifundishwa na vinyama vya watoto wa Afrika Mashariki.

Mfongo na shamba la kwanza

Kwa miaka mingi kuijua herufi N kulikuwa na gharama kubwa mwilini. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mmarekani William Halsted aliweka mtindo wa kuondoa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapa. Misuli ilikuja kuachwa baadaye, lakini kwapa iliendelea kufagiliwa: tezi kumi, kumi na tano, ishirini, zote zinatolewa ili zihesabiwe na kupimwa. Zikikutwa safi, daktari alifurahi, ila tezi hazirudishwi. Takriban mwanamke mmoja kati ya watano aliyefagiliwa kwapa hivyo hupata uvimbe wa mkono usiokwisha, kwa sababu maji ya limfu yamekosa njia.

Tafadhali msomaji, tafsiri maneno hayo kwa maisha ya hapa. Mkono uliovimba ni mkono usioweza kukata majani ya ng'ombe na kuyabeba kichwani. Hauwezi kushusha mkungu wa ndizi, hauwezi kuchuma kahawa siku nzima, hauwezi kushika jembe katika mashamba ya mpunga ya Mabogini. Kila mkwaruzo mdogo unaweza kuleta uambukizo. Mwanamke amepona saratani, lakini amebaki na mzigo ambao majirani wanaweza kuudhania uvivu.

Wataalamu wakajiuliza: je, lazima tutoe tezi zote ili tujue? Sisi watu wa mlimani tungeweza kuwajibu kwa kutumia mifongo yetu. Maji yakitoka kwenye banio juu, hayafiki mashamba yote kwa wakati mmoja. Kuna shamba la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu. Ukihofia kwamba kuna kitu kibaya kimemwagika huko juu, huanzi kuchimbua mashamba yote ya kijiji. Unakwenda kwenye shamba la kwanza kupokea maji. Likiwa safi, una sababu nzuri ya kuamini kwamba ya chini yake nayo ni safi.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa tezi ya mlinzi, yaani tezi ya kwanza kupokea maji ya limfu kutoka mahali penye uvimbe. Ramón Cabanas wa Paraguay aliieleza mwaka 1977 kwa saratani ya uume. Donald Morton na wenzake wa Marekani waliionyesha mwaka 1992 kwa melanoma kwa kutumia rangi ya buluu. David Krag aliitafuta kwenye saratani ya titi kwa dawa yenye mionzi kidogo mwaka 1993, na Armando Giuliano kwa rangi mwaka 1994. Daktari huchoma rangi au dawa hiyo kwenye titi, husubiri, kisha hufungua kwapa kwa jeraha dogo na kutazama ni tezi ipi imepokea. Huitoa hiyo, au mbili tatu zilizopokea pamoja. Zikiwa safi, nyingine zinaachwa zikae zilipoumbwa.

Kuna mambo mawili ya kushangaza hapa. La kwanza, kukata kidogo kumeleta ujuzi mkubwa zaidi. Mtaalamu wa patholojia aliyeletewa tezi ishirini hawezi kuichunguza kila moja kwa undani. Aliyeletewa moja au mbili anaweza kuzikata vipande vingi vyembamba na kuona hata kikundi kidogo cha chembe ambacho zamani kingempita. La pili, mgonjwa hakupunjwa. Katika utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada na kuwashirikisha wanawake 5,611, matokeo yake yaliyotolewa mwaka 2010 yalionyesha kwamba wale ambao tezi ya mlinzi ilikuwa safi na kwapa ikaachwa waliishi sawa na wale waliofagiliwa. Uvimbe wa mkono baada ya kutolewa tezi ya mlinzi peke yake humpata mmoja kati ya ishirini hivi.

Kipimo hiki si kamilifu. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake kumi ambao saratani ilikuwa imefika kwenye tezi, tezi ya mlinzi ilimkosa mmoja hivi. Tena kina sharti moja ambalo ndilo linalonifanya niandike: kimetengenezwa kwa ajili ya anayewahi. Mwanamke ambaye tezi za kwapa zimeshakuwa kubwa na ngumu, zimeshikana kama mawe ya kiungo, hana haja ya kutafutiwa tezi ya mlinzi, kwa maana mlinzi ameshapitwa. Yeye huchomwa sindano kuthibitisha, na tiba yake huwa nzito zaidi. Hapa Tanzania saratani ya titi ni ya pili kwa wanawake baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wengi wanaofika hospitali za rufaa kwa ugonjwa huu hufika katika hatua ya tatu au ya nne. Upasuaji wa upole upo duniani. Sisi tunaukosa kwa kuchelewa.

"Kisu kinaisambaza"

Kwa nini tunachelewa? Umaskini upo, na umbali upo kwa wanaotoka mbali. Lakini sisi wa Rau tunaishi jirani kabisa na hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyopo tangu mwaka 1971 na ambayo tangu mwaka 2016 ina kituo cha matibabu ya saratani. Kwetu umbali si kisingizio. Kinachotuzuia zaidi ni sentensi ambayo nimeisikia kwenye daladala, kwenye misiba na hata mlangoni mwa kanisa: "Saratani ukiigusa na kisu inasambaa."

Tunaosoma falsafa tunafundishwa mapema kosa moja la kufikiri: kudhani kwamba kilichotokea baadaye kimesababishwa na kilichotangulia. Jogoo huwika, kisha jua huchomoza, lakini jogoo hakulichomoza jua. Watu wamemwona jirani aliyepimwa kinyama mwezi wa tatu akafariki mwezi wa tisa, wakahitimisha kwamba kisu ndicho kilichomuua. Hawakuhesabu miaka miwili aliyokaa na uvimbe kabla ya mwezi wa tatu. Hawakuwahesabu pia wale waliopimwa mapema, wakatibiwa, na leo wanaimba kwaya. Hao hawatangazi ugonjwa wao, kwa hiyo hawaonekani kwenye hesabu yetu.

Mtu anaweza kuuliza: je, hakuna hatari kabisa ya sindano au kisu kuzihamisha chembe? Kuna aina chache za saratani ambazo madaktari huchukua tahadhari ya pekee namna ya kuzichukulia kinyama, na wanajua ni zipi. Kwa saratani ya titi na tezi za kwapa, kuchukua kinyama ni hatua ya kawaida ya tiba kote duniani, na kutibu bila kinyama ndiko kubahatisha. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenye kukataa kipimo anaficha maradhi hata kwake mwenyewe.

Kuna sentensi ya pili, na hii inatugusa zaidi sisi watu wa Kanisa: "Mwenye imani hahitaji vipimo vingi." Ndugu zangu, imani ya Kikatoliki haijawahi kusema hivyo. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anataka tumheshimu tabibu na kutozidharau dawa zitokazo ardhini, na katika sura hiyohiyo anamtaka mgonjwa asali. Vyote viwili, bila kugombana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inafundisha kwamba uhai na afya ni zawadi tulizokabidhiwa na Mungu, na kwamba tunapaswa kuzitunza kwa akili. Mtu aliyekabidhiwa ng'ombe wa jirani yake hawezi kukataa kumwita daktari wa mifugo akidai kwamba anamtumaini Mungu. Mwenye ng'ombe angemwelewa vibaya, na angekuwa na haki.

Kihamba kipo mezani

Nifike sasa kwenye kiini. Pingamizi kubwa kuliko yote silipati kwa wenye hofu bali kwa wenye hesabu. Wanasema: "Frateri, kujua hatua kunasaidia nini kama tiba yenyewe hatuimudu? Si kumwongezea mgonjwa huzuni tu?" Pingamizi hili ni la kweli na halistahili kupuuzwa. Tiba ya saratani ni ghali. Kwa miaka mingi mgonjwa wa huku aliyehitaji mionzi alilazimika kusafiri hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, akae huko kwa wiki nyingi. Familia huuza ng'ombe, kisha huuza gari dogo, kisha macho yote hugeukia kihamba.

Kila mmoja wetu anajua maana ya kihamba. Ndipo palipozikwa babu, ndipo migomba ilipo, ndipo mtoto wa mwisho anapotarajia kujenga. Familia inapokaa kikao kuamua kama kihamba kiuzwe, inaamua jambo ambalo wajukuu watalikumbuka. Na mimi nauliza: familia hiyo inaamua kwa kutumia taarifa gani? Kama hatua haijulikani, inaamua gizani. Inaweza kuuza ardhi kwa ajili ya upasuaji mkubwa ambao hauwezi tena kumsaidia mgonjwa kwa sababu ugonjwa umeshafika kwenye mifupa. Au inaweza kukataa kuuza kitu chochote, ikimwacha mama afe kwa ugonjwa wa hatua ya kwanza ambao jeraha dogo na dawa vingeuondoa. Makosa yote mawili yanatokana na kukosa kinyama kimoja.

Kanisa lina mafundisho ya kutuongoza hapa. Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pius wa 12, akizungumza na madaktari, alieleza kwamba mtu analazimika kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, zile zisizomletea yeye wala wengine mzigo wa kupita kiasi. Tangu hapo walimu wa maadili wameendelea kulifafanua jambo hilo kwa kuuliza kama tiba inalingana na matumaini inayoyaleta: faida gani, kwa mateso gani, kwa gharama gani? Sasa tazama. Tiba ileile, kwa mfano tibakemikali ya miezi sita, inaweza kuwa na uwiano kwa mgonjwa wa hatua ya pili na ikakosa uwiano kwa mgonjwa dhaifu wa hatua ya nne. Hakuna padre, hakuna mwenyekiti wa ukoo, hakuna mwanafalsafa anayeweza kupima uwiano huo bila kuijua hatua. Herufi N, iliyosomwa kwenye kinyama cha tezi, inaingia moja kwa moja katika hukumu ya dhamiri.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu, na kuagiza litendeke lililohukumiwa. Sisi mara nyingi tunaruka la kwanza. Tunahukumu kwenye kikao cha ukoo, tunaagiza michango, tunafunga safari, na ndipo baadaye tunauliza ugonjwa umefika wapi. Kuchukua kinyama ni sehemu ya kutafuta shauri. Ni kuuliza mwili wenyewe kabla ya kuuzungumzia.

Na kama jibu ni hatua ya nne? Hapo pia ukweli una kazi. Unamwondolea mgonjwa upasuaji usio na faida. Unafungua mlango wa tiba shufaa, ya kutuliza maumivu na kumhudumia mtu mzima, mwili na roho. Unampa nafasi ya kuwaita watoto walio Dar es Salaam na Arusha, kusamehe na kusamehewa, kugawa mali bila ugomvi, na kupokea sakramenti akiwa na akili zake timamu. Kifo kinachojulikana kinaweza kuandaliwa Kikristo. Kinachofichwa huja kama mwizi, na baada ya mazishi ndugu hubaki wakilaumiana na kutafuta mchawi.

Basi tufanye nini

Sipendi makala inayolalamika na kuondoka. Natoa mapendekezo machache, ambayo jumuiya yoyote ya Rau, Uru, Kibosho au Old Moshi inaweza kuyaanza bila kumsubiri mfadhili.

Kwanza, daftari la michango lifunguliwe mapema. Jumuiya iwe na mfuko mdogo wa vipimo, ulio tofauti na ule wa misiba. Kinyama, usafiri wa kwenda na kurudi, na chakula cha siku hiyo havifikii gharama ya jeneza na turubai. Bima ya afya ikiwepo, mfuko ujazie pale bima isipofika.

Pili, tumfuatilie mgonjwa mpaka majibu yatoke. Majibu ya patholojia huchukua siku, mara nyingine wiki, na katikati yake hofu humfanya mtu asirudi. Msamaria Mwema hakuishia kumfunga mtu majeraha. Alilipa kwenye nyumba ya wageni na akaahidi kurudi. Jumuiya imteue mtu mmoja, kwa ridhaa ya mgonjwa, ambaye kazi yake ni kurudi: kukumbusha tarehe, kusindikiza, kusikiliza daktari pamoja naye, na kuuliza maswali matatu. Ni hatua ya ngapi? Tezi zimepimwa kwa namna gani? Je, inawezekana kupima tezi ya mlinzi badala ya kutoa zote?

Tatu, WAWATA walichukue jambo hili kama lao. Mwezi Februari kalenda imetupangia vizuri: tarehe 4 ni Siku ya Saratani Duniani, tarehe 5 ni kumbukumbu ya Mtakatifu Agatha, msimamizi wa wenye maradhi ya matiti, na tarehe 11 ni Siku ya Wagonjwa Duniani iliyowekwa na Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili. Wiki hiyo muuguzi mwamini, na parokia zetu zinao wengi, aalikwe baada ya misa kufundisha wanawake kujipapasa matiti na makwapa. Na kina baba wabaki wasikilize pia. Katika nyumba nyingi fedha ya kipimo hutoka mfukoni mwao, na saratani ya titi, ingawa kwa nadra, huwapata hata wanaume.

Nne, tutunze siri. Ugonjwa wa mtu si tangazo la mwisho wa ibada. Wengi wanakataa kipimo kwa kuogopa jina lao kuzunguka kijijini kuliko wanavyoogopa kisu. Mgonjwa aamue nani ajue.

Tano, na hili nawaambia mafrateri wenzangu. Tutakapokuwa mapadre, tutaitwa kwenye nyumba za wagonjwa. Tusisubiri kuitwa mtu anapokata roho. Kanuni ya 1004 ya sheria ya Kanisa inaruhusu mwamini kupewa mpako mtakatifu anapoanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee, na Katekisimu, namba 1515, inasema yafaa kuupokea kabla ya upasuaji mzito. Padre anayempaka mgonjwa mafuta asubuhi ya upasuaji anaufundisha ukoo mzima, bila mahubiri marefu, kwamba altare na chumba cha upasuaji havigombani. Na tujifunze kuuliza. Baada ya kusali na mgonjwa, tumwulize kwa upole: "Mama, majibu yametoka?"

Najua haya hayatamaliza saratani Kilimanjaro. Yatahitajika mashine, dawa na wataalamu, na hayo tuendelee kuyadai kwa wenye mamlaka. Lakini daftari la michango liko mikononi mwetu, katika nyumba ya mwenyekiti wa jumuiya, na kalamu imefungwa nalo kwa uzi. Jumamosi hii, kabla ya sala ya kufunga, mtu mmoja na aulize kama kuna mwenzetu anayesubiri kipimo.

*Mwandishi ni frateri, mwanafunzi wa falsafa, kutoka Rau, Moshi.*